Trekta Lililokataa Kuamka Asubuhi

Raheli mwanangu,

Usicheke kwanza. Najua ni ajabu kupata barua kutoka kwa mtu unayeishi naye nyumba moja, mtu ambaye ukitoka kwenda kusukwa nywele utampita hapa mlangoni. Lakini unanijua baba yako. Nikifungua mdomo mzaha unatangulia, na maneno ya maana yanabaki nyuma kama mbuzi mgonjwa. Wiki hii yote nimekuita tuongee, na kila mara nimeishia kukusimulia Nakuru. Basi nimeazima kalamu, nimekaa upande wa kivuli wa tembe letu, nijaribu kusema kwa mkono. Mkono wangu haujui kuchekesha sana.

Habari za afya tuziruke, sote unatuona. Mambo ya sabuni, shuka, na kutokula vya watu usiowajua ndani ya treni, mama yako ameshayasema na atayasema tena kesho mpaka basi litakapoondoka Iguguno. Elimu yangu pia unaijua: darasa la nne nililichungulia dirishani. Kwa hiyo makosa ya herufi usiyahesabu. Wewe utakuwa msomi, lakini uwe msomi mwenye adabu kwa baba yake.

Unakwenda Morogoro kujifunza matrekta. Utakuwa mwanamke wa kwanza wa kijiji hiki kushika spana, na mwanamume wa kwanza alikuwa baba yako. Hilo nimelazimika kuliandika, ningepasuka. Wenzangu walipokuwa wanakimbilia mkonge Tanga, mimi niliipungia Tanga mkono, nikapitiliza hadi Nakuru kwa mzungu wa ngano. Nilianza kwa kuosha matrekta, nikaishia kuyaendesha. Ukiuliza nani alilima mashamba yale nitakwambia ni mimi, mzungu alinisaidia kidogo. Ndiyo maana hapa kijijini hakuna anayeniita jina nililobatizwa. Wananiita Nakuru, na mimi naitika.

Sasa hadithi ya trekta umeisikia. Umeisikia kwenye harusi, kwenye pombe, na mara moja nje ya kanisa, mpaka mama yako akanivuta shati. Jinsi trekta letu lilivyokuwa kama bwana mkubwa, haliamki mpaka jua lipande. Jinsi tulivyolisukuma wanaume wote wa kijiji, Mwenyekiti akaacha kiatu kwenye tope. Jinsi Nakuru alivyolitibu. Watu wanacheka, nami nacheka kuliko wao.

Hiyo ni ya kuchekesha. Iko nyingine, na wewe hukuwepo, ulikuwa bwenini Kiomboi. Nimeona usiondoke huijui, kwa sababu huko uendako watakufundisha trekta lisipowaka ufanye nini, lakini sidhani kama watakufundisha hii.

Ulikuwa mwaka wetu wa kwanza hapa. Unakumbuka tulikotoka, kule juu, kila mtu na boma lake na shamba lililolishwa samadi tangu enzi za babu. Udongo wa kule ulikuwa unakatika kwa jembe la mkono kama ugali wa mtama. Huku tulipohamia kuishi pamoja, ardhi ilikuwa haijawahi kuguswa. Ukipiga jembe linarudi usoni. Tulikuwa tumeacha mashamba yaliyolainika, tukaja kwenye jiwe, na mvua ilikuwa imeanza. Bila trekta hapakuwa na mavuno mwaka ule. Tungekula mlenda bila ugali.

Trekta tulipewa la kupokezana na vijiji jirani. Likimaliza zamu yake kwetu linahamia kwingine, hata kama hamjalima mpaka mlangoni. Mwenyekiti alisema atatuma watu mjini Singida watafute fundi wa kukaa nalo. Nikasimama mkutanoni, kifua mbele.

"Ndugu Mwenyekiti, fundi wa nini? Mnataka kumlisha mtu kuku wakati mimi nipo? Mimi hata ugali wa jana natosheka."

Watu wakapiga makofi. Mwanangu, makofi ni pombe mbaya kuliko ya mtama. Ya mtama asubuhi inakuachia kichwa kinachouma, unajua umekosea. Makofi hayaachi maumivu yoyote.

Asubuhi ya kwanza trekta halikuwaka.

Nitakuandikia kama fundi kwa fundi. Trekta la dizeli halina uchawi. Linataka hewa, linataka mafuta, na linataka kitu cha kuizungusha injini. Betri ilikuwa nzima. Stata ilizungusha vizuri, injini ikakohoa kama mzee anayetafuta maneno, lakini bomba la moshi halikutoa hata wingu dogo. Moshi usipotoka wakati injini inazunguka, mafuta hayafiki. Hilo nililijua tangu Nakuru. Nikasema kwa sauti, wasikie wote: "Huu ni upepo kwenye mabomba. Tulieni." Nikalegeza nati kwenye pampu, nikasukuma mafuta kwa mkono yatoe upepo. Yalitoka machozi tu. Nikasukuma tena, nikafunga, nikafungua. Halafu nikawaita wanaume wasukume, tukateremka nalo kule bondeni, tukapandisha, tukateremka. Jua lilipokuwa kali na mashati yameloa, likanguruma. Moshi juu! Wanawake wakapiga vigelegele. Nikakaa kwenye kiti kama waziri, nikalima mpaka jioni.

Kesho yake, vilevile. Asubuhi limekufa, mchana liko hai. Na siku iliyofuata. Kila mchana niliamini nimelitengeneza. Leo nilisema ni upepo, kesho nikasema ni nozeli, siku nyingine nikasema ni pampu, imechoka, nimeibembeleza. Niligusa kila kitu kwa wakati mmoja, kwa hiyo hata kama kimoja kingekuwa dawa nisingejua ni kipi. Jua ndilo lililokuwa linalitengeneza, Raheli. Mimi nilikuwa napokea makofi ya jua.

Hapo nataka usimame kidogo. Utagusa kitu, kitapona, na moyo wako utaruka na kusema ni mkono wangu. Uache uruke, hata wangu unaruka mpaka leo. Lakini baada ya kuruka, ujiulize kitu kile kingefanya nini kama ungekwenda kulala chini ya mti. Mimi sikujiuliza. Mimi nilikuwa na watu wa kuwasimulia.

Nusu siku ilikuwa inapotea kila siku, na mvua haingoji. Watu walianza kuhesabu ekari zilizobaki na wakaacha kucheka. Wengine wakasema pale tunapolima palikuwa na mahame ya watu wa zamani, na wenyewe hawataki kelele za asubuhi. Mama mmoja akasema trekta liletewe kondoo mweusi. Nikamwambia, "Mama, likila kondoo litataka na mlenda." Wakacheka kidogo. Kicheko kilikuwa kinapungua, na mtu kama mimi anasikia kicheko kinapopungua kama fundi anavyosikia injini.

Ndipo ukaitishwa mkutano. Mwenyekiti hakuzunguka.

"Nakuru. Jana ulituambia umelitengeneza."

"Nililitengeneza, Ndugu Mwenyekiti. Si lililima?"

"Na juzi pia ulilitengeneza."

"Na juzi."

"Basi leo asubuhi kwa nini limekataa tena?"

Kijiji kizima kinanitazama. Wanawake wameshika majembe, wamepoteza asubuhi nyingine. Njia mbili zilikuwa mbele yangu. Ningeweza kusema: sijui. Ni neno fupi, hata mtoto wa chekechea analo. Lakini mimi nimefika Nakuru. Kwa hiyo nikasema hivi, na nikacheka kidogo ili ionekane ni mzaha:

"Ndugu zangu, mimi natengeneza mchana. Labda kuna mtu anaharibu usiku."

Nilitegemea wacheke. Hakuna aliyecheka. Nikaona vichwa vinageuka polepole, kimoja baada ya kingine, kama mtama upepo ukipita. Vinageukia nyuma, alikokaa kaka Kitundu.

Kitundu unamjua, lakini unamjua alivyo sasa. Wakati ule alikuwa mtunza stoo. Dizeli, mbegu, majembe, vyote vilikuwa chini ya ufunguo wake, na trekta lililala mlangoni pa stoo yake. Alikuwa mtu wa mizinga ya nyuki, tena mtaalamu. Alipohama aliacha mizinga yake porini na hakuficha kwamba imemuuma. Alikuwa anasema wazi: "Nyuki hawahamishwi kwa amri." Mtu akiwa anasema hivyo siku za kawaida, unacheka naye. Siku ambayo trekta halijawaka, watu wanakumbuka.

Mtu mmoja akauliza, "Nani analala na funguo?" Mwingine akasema, "Yule asiyetaka kijiji." Na Mwenyekiti, ambaye alikuwa na hofu zake za kuulizwa na wakubwa kwa nini shamba halijalimwa, akalitamka neno: hujuma. Wewe umekua neno hilo likiwa limepoa. Siku zile lilikuwa la moto. Mtu akiitwa mhujumu, hata ndugu yake anasogeza kigoda mbali.

Kitundu alisimama akasema, "Nakuru, umeniona?"

Ningeweza kulirudisha hata hapo. Mdomo wangu ulikuwa mzima, ulimi uko mahali pake. Nikasema, "Mimi sikutaja mtu." Kweli sikutaja. Ndivyo nilivyojitetea moyoni: sikutaja mtu. Mgambo wakachukua funguo zake, wakamfungia kwenye chumba cha nyuma cha ofisi, asubiri kupelekwa wilayani kujieleza.

Jioni ile mama yako aliniwekea chakula. Nikanawa. Kabla sijamega tonge akauliza:

"Ulimwona?"

"Nani?"

"Huyo anayeharibu usiku. Ulimwona kwa macho?"

"Mke wangu, ule ulikuwa mzaha tu."

"Aliyefungiwa amefungiwa kwa mzaha?" Akanyanyua sahani, ugali na mboga, akaingia nayo ndani. Sikuomba irudi.

Asubuhi nilitoka mapema, baridi bado ipo, umande umekaa juu ya boneti. Nilikwenda kwenye trekta kwa kuwa sikuwa na pengine pa kwenda. Na nikakuta hakuna mtu. Siku zote walikuwa wananizunguka, lakini siku ile kijiji kizima kilikuwa ofisini kumtazama Kitundu. Hapakuwa na wa kusukuma. Hapakuwa na wa kuniuliza ni nini nimwambie ni upepo. Nilikuwa mimi na chuma.

Basi nikafanya kile ambacho ningepaswa kukifanya asubuhi ya kwanza. Nilianzia kwenye tangi. Siku zote nilikuwa naanzia kwenye pampu, kwa sababu pampu ndiyo niliyokuwa hodari nayo, na mtu hupenda kutafuta ugonjwa pale anapojua dawa. Nikayafuata mafuta kama mtu anavyofuata mbuzi aliyepotea, tangu zizini. Yametoka kwenye tangi? Yametoka, kwa shida. Yamefika kwenye chujio? Nikafungua kikombe cha chujio.

Kilikuwa kimejaa kitu cha njano, kizito, kama mafuta ya ng'ombe yaliyoganda. Chujio lenyewe lilikuwa limepakwa lote, huoni tundu. Nikachota kwa kidole. Nikakisugua kiganjani, kikalainika kwa joto la mkono. Nikanusa. Chini ya harufu ya dizeli kulikuwa na harufu ya nyumbani, ya kule juu tulikotoka.

Nta ya nyuki.

Nikaelewa yote mara moja. Nikakaa pale kwenye umande.

Dizeli ilipoletwa mara ya kwanza, pipa lilikuwa linavuja. Tulihitaji vyombo haraka, na nani alikuwa na vyombo? Watu walikuja na mabuyu, na vibuyu. Kitundu akaleta madebe. Alikuwa nayo mengi, yamekaa bure, kwa kuwa hakuwa tena na asali ya kuyajaza. Alikuwa ameyaosha kwa majivu na maji ya moto, lakini asali yetu unajua tunaiweka pamoja na masega yake, na nta ikishika bati miaka na miaka haitoki kwa majivu. Dizeli ndiyo inayoijua nta. Iliilamba taratibu kule stoo, tukaimimina kwenye tangi tukidhani ni mafuta matupu. Jua likiwaka inatulia ndani ya mafuta, inapita. Usiku ukipoa inaganda na kuziba koo. Hakuna fundi wa Nakuru angeifikiria, kule wazungu hawaweki dizeli kwenye madebe ya asali. Ni sisi tu.

Lakini hilo silo lililonikalisha chini. Lililonikalisha ni kwamba Kitundu aliniambia. Alisimama na debe mkononi akasema, mbele yangu, "Nakuru, haya yalikuwa ya asali. Hayana neno?"

Nami nikamjibu, watu wapo, "Trekta halina meno, kaka. Utamu hautaliumiza."

Tulicheka sana siku ile. Yeye pia alicheka.

Nilikinga mafuta yote ya tangi kwenye ndoo. Nikayachuja palepale asubuhi, baridi ikiwa bado kali ili nta ibaki kwenye kitambaa. Nilitumia kanga ya mama yako, na hakuniuliza. Nikaosha chujio, nikatoa upepo, safari hii kweli. Likawaka kabla jua halijatoka mlimani. Lilivyonguruma, nilitamani mtu asikie, na hapohapo nikashukuru hakuna aliyesikia.

Nililiendesha mpaka ofisini. Waliposikia sauti wakatoka wote mbio, wakashangilia, "Nakuru! Nakuru!" Mwenyekiti akanishika mkono: "Umeishinda hujuma!" Nikasema, "Ndugu Mwenyekiti, hakuna hujuma. Mfungulieni Kitundu. Ulikuwa uchafu wa mafuta."

Ona nilivyosema. Uchafu wa mafuta. Uchafu wa nani, uliingiaje, nani aliulizwa na nani alijibu, hayo niliyaacha chini ya ulimi. Wakamfungulia. Alitoka amekunja shuka lake, akapita katikati ya watu, na watu wakampa njia pana kuliko inayohitajika. Funguo hazikurudi kwake. Watu walisema, ana bahati, Nakuru amemwokoa.

Tulilima usiku kwa mchana mpaka zamu ikaisha. Tulivuna. Si sana, lakini ugali ulikuwepo. Na mimi nikawa shujaa wa kijiji, na Kitundu akawa mtu aliyeponea chupuchupu. Mvua ikaisha, kiangazi kikaja, na hali ikabaki hivyo. Watoto wake wakifika kisimani wengine wananyamaza. Nilikuwa naona. Nilikuwa najiambia yatapita, kama upepo kwenye bomba.

Siku moja nikachukua jogoo, yule mwekundu uliyekuwa unampenda, nikamwambia mama yako namuuza. Nikaenda kwa Kitundu jioni. Nilimkuta zizini. Nikasema, kaka, nisamehe, niliteleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Halafu akasema:

"Ulinisema mbele ya kijiji, Nakuru. Radhi unaniomba mbele ya kuku?"

Nikarudi na jogoo wangu kwapani. Ni njia fupi, unaijua, lakini jogoo yule aliwika njia nzima.

Mkutano uliofuata nikasimama. Sasa sikia ugonjwa wa baba yako ulivyo. Nilikuwa nimejiandaa, nimeyapanga maneno. Nikafungua mdomo, na kabla sijasema lolote watu wakaanza kutabasamu, kwa sababu Nakuru amesimama. Nikaona meno yao. Basi nikaanza na kiatu cha Mwenyekiti. Nikaja kwenye kondoo mweusi. Nilipofika kwenye madebe nilikuwa nayasema kwa sauti ya kuigiza, "Trekta halina meno, kaka!", na watu wanapiga mapaja, wanafuta machozi. Nilikuwa nimesema kweli yote, Raheli. Hakuna nilichoficha. Na Kitundu alinyanyuka akaondoka, na hakuna aliyemwona akiondoka isipokuwa mimi na mama yako.

Ndipo nilipojifunza kwamba unaweza kuisema kweli kwa namna ambayo haimfikii mtu yeyote.

Mkutano mwingine nilingoja mpaka mwisho, watu wamechoka. Nikamwomba Mwenyekiti nafasi. Nikavua kofia, nikatazama chini ili nisiyaone meno. Nikasema: "Madebe yalikuwa ya asali. Kitundu aliniambia. Mimi ndiye niliyesema yatumike. Trekta lilipokataa nilikuwa sijui sababu, nikasema kuna mtu anaharibu usiku. Sikumwona mtu. Hapakuwa na mtu. Nilidanganya, naye akafungiwa." Nikakaa. Mtu mmoja alicheka pembeni akidhani bado kuna sehemu inakuja, kisha akanyamaza.

Kitundu akasimama. Nilidhani atanitukana, na ningefurahi. Akasema, "Tumesikia." Halafu akauliza, "Na mafuta yaliyobaki stoo, mmeyachuja?"

Mwenyekiti akasema yamechujwa, na akamwambia funguo zake zipo, azichukue. Kitundu akasema ampe mwingine, yeye tangu ameziacha analala vizuri. Akakaa. Wanawake waliokuwa karibu naye hawakusogea.

Sitakudanganya kwamba tulikumbatiana. Tunasalimiana. Akija pombeni anakaa mahali popote penye nafasi, hata karibu yangu. Lakini mkutanoni hakusema tena, mwaka baada ya mwaka. Yule mtu aliyekuwa anasema wazi kwamba nyuki hawahamishwi kwa amri, mimi nilimnyamazisha, na kumfungulia mlango hakukumrudishia sauti. Kuna vitu ukivivunja hakuna duka wala stoo yenye spea yake.

Kwa hiyo huko Morogoro na popote watakapokupeleka, utakuta chuma kimekataa na watu wamekuzunguka wana njaa, wanataka jina. Watu wenye hofu wanapenda jina kuliko sababu, linabebeka. Wewe usilitafute. Muulize aliyeshika mafuta mara ya mwisho, lakini muulize kama unamwomba maji ya kunywa, ili asiogope kukujibu. Na kama hujui, sema hujui. Nimekaa na neno hilo kinywani miaka hii yote, nalijaribu, bado linanikwaruza koo. Wewe bado kijana, lako litapita.

Nimebakiza jambo moja, na ndilo lililonifanya niandike.

Ilipokuja nafasi ya kupeleka kijana kusomea matrekta, wewe ulikuwa bado shuleni. Mkutano ulijaa. Walitajwa wavulana. Mimi, mwanangu, nilinyamaza. Baba hawezi kusimama kumtaja binti yake, na tena nilidhani hawatakubali mwanamke. Niliinama tu. Mwenyekiti alikuwa karibu kufunga hoja. Ndipo nikasikia sauti kutoka nyuma, sauti niliyokuwa nimesahau ilivyo.

"Mpelekeni binti wa Nakuru," akasema Kitundu.

Watu wakageuka wote. Mwenyekiti akauliza, "Kwa nini yeye?"

"Ana akili, walimu wake wanasema. Na baba yake akituambia tena amelitengeneza trekta, tunataka mtu wa kumuuliza amelitengenezaje."

Kijiji kizima kikacheka mpaka paa la ofisi likatikisika. Walinicheka mimi, Raheli, na nilicheka nao, lakini macho yangu yalikuwa yamejaa, nikajifanya nakohoa. Wakapiga kura. Mikono ilikuwa mingi.

Sikukwambia. Nilikuacha udhani ni jina la baba yako lililokufungulia mlango. Sasa unajua. Kesho tukipita kwake kwenda barabarani utampa shikamoo yako, na utajua mwenyewe la kusema, sikupangii.

Ukirudi na elimu yako, mkutano utaitwa uwaeleze watu ulichojifunza. Uwaeleze polepole, waulize mpaka watosheke. Mimi nitakaa nyuma, karibu na Kitundu akinipa nafasi, na nitasikiliza mpaka mwisho bila kutia neno. Mama yako amesema hilo haliwezekani.

Mungu akutangulie.

Baba yako anayekupenda